UZITO NA NJIA YAKE: Mazungumzo juu ya Barabara za Viwanda za Mtwara



Wako watakaouliza kwa nini watu wa visiwani tukae kitako kuzungumza khabari ya barabara za Mtwara, mji ulio kusini kabisa mwa pwani yetu, karibu na mlango wa mto Ruvuma. Swali hili ni la haki. Jawabu letu la kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya saruji tunayojengea nyumba zetu yavuka bahari kutoka bara, na gharama ya njia za huko imo ndani ya bei ya kila mfuko tunaoununua hapa, ingawa haikuandikwa juu yake. Jawabu la pili ni la udugu. Pwani ile wazee waliiita Mgao, na majahazi ya huku yamekuwa yakitia nanga Mikindani tangu enzi za mababu. Na Wamakonde waliokuja huku tumezikana nao na kuozana nao. Jawabu la tatu ndilo kubwa: mambo yanayowasumbua watu wa Mtwara leo yako mlangoni petu. Bandari yetu ya Malindi imebanwa na Mji Mkongwe, na kila kontena linaloshushwa pale sharti lipite katika barabara za mjini. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Basi na tuanze na mji wenyewe.

Mtwara haikukua kama ilivyokua Mikindani, polepole, kwa biashara ya watu na pepo za musimu. Mtwara ilichorwa juu ya karatasi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga katika Tanganyika kwa mamilioni ya pauni, ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zilizochaguliwa. Karanga zilihitaji kutoka, kwa hiyo ikaonekana lazima pawe na bandari ya maji marefu na reli ya kuifikia. Mradi ule wa karanga ulianza mwaka 1947 na ukatangazwa kuwa umeshindwa mwanzoni mwa mwaka 1951. Lakini bandari ilijengwa, na reli ilijengwa, na mji ulipimwa kwa mabarabara mapana kana kwamba wangekuja watu wengi kesho yake.

Bandari ipo hata leo, ila reli haipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa kwa sababu haikupata mzigo wa kutosha, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani iko kata iitwayo Reli. Jina limebaki, garimoshi limekwenda zake. Twalisema jambo hili mapema kwa sababu ndilo shina la yote tutakayoyasema. Mzigo mzito wa kusini ulipokuja kupatikana, nusu karne baadaye, ulikuta reli imeshang'olewa, ukapanda juu ya lami.

Na mzigo umekuja. Tarehe 10 Oktoba 2015 kilifunguliwa kiwanda cha saruji cha Dangote nje kidogo ya mji, chenye uwezo wa kutoa tani milioni 3 kwa mwaka. Tuipige hesabu hii sisi wenyewe, maana watu wengi husikia neno milioni likawapita masikioni. Lori moja likichukua tani 30, tani milioni 3 ni safari laki moja. Ukizigawa kwa siku 300 za kazi, wapata magari zaidi ya 330 yenye shehena yakitoka langoni kila siku, na mengine 330 yakirudi. Hiyo ni hesabu ya kiwanda kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, na si kila mwaka kimefanya hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2016 kilisimama kwa muda. Lakini mhandisi achoraye barabara hana ruhusa ya kuichora kwa ajili ya mwaka mbaya.

Tena saruji haichomwi kwa maneno. Mwaka 2016 Serikali ilizuia makaa ya mawe ya kutoka nje, na kiwanda kikatakiwa kutumia ya nchini. Makaa hayo huchimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, mkoa wa Ruvuma, safari ya kilomita kama 700 kwa gari, kupita Songea, Tunduru na Masasi. Kisha mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya makaa duniani, wanunuzi wa ng'ambo nao wakayataka, na Bandari ya Mtwara, iliyokuwa imeongezewa gati la mita 300 kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2017, ikaanza kupokea misururu ya malori yenye shehena nyeusi. Wakaazi wakalalamikia vumbi. Serikali nayo ikatangaza kwamba mizigo michafu itajengewa bandari yake mbali na mji, mahali paitwapo Kisiwa Mgao. Kwa shauri hilo hatuna ugomvi. Ila twakumbusha kwamba gati jipya huja na njia yake, na njia hiyo isipojengwa pamoja na gati, malori yatajitafutia yenyewe pa kupita.

Juu ya hayo yote iko korosho. Musimu wa 2017/18 nchi nzima ilipata tani kama 313,000, na sehemu kubwa ilitoka mikoa ya kusini. Korosho huanza kuuzwa mnadani mwezi wa Oktoba, magari yakamiminika kutoka Newala, Tandahimba na Masasi kwenda maghalani na bandarini, na mvua za kusini huanza kunyesha Novemba au Disemba. Tazameni mambo yalivyokutana: uzito mkubwa kabisa wa mwaka hupita wakati ule ule ardhi inapolowa. Mchanga wa nyanda za Makonde ni mwekundu na mwepesi, na ukishiba maji hauna nguvu ya kubeba. Barabara inayoonekana nzima mwezi wa Septemba huenda ikawa mashimo kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka.

Hapa twaomba mtuvumilie kidogo, kwa kuwa tumefika mahali ambapo wanasiasa wengi hupita mbio. Barabara hufa vipi?

Watu husema barabara imeharibika kwa sababu magari yamekuwa mengi. Si kweli, au ni kweli kidogo tu. Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika jimbo la Illinois huko Marekani, wahandisi walijenga barabara za majaribio, wakayapitisha malori juu yake mchana na usiku kwa muda wa miaka miwili, wakipima kila ufa. Waliyoyaona yamekuwa msingi wa ujenzi wa barabara duniani hata leo. Kinachoua barabara ni uzito unaoshuka kwa kila ekseli, yaani ule mtaimbo uungao magurudumu ya kushoto na ya kulia. Na madhara yake hayaendi sawasawa na uzito. Uzito ukizidi mara mbili, madhara huzidi kama mara kumi na sita. Ekseli ya tani 10 huidhuru lami kiasi cha mara elfu kumi kuliko ekseli ya gari dogo yenye tani moja. Na dereva aliyeambiwa na mpakiaji aongeze kidogo, ekseli ikatoka tani 10 ikawa 12, hakuongeza sehemu ya tano ya madhara kama anavyodhani. Ameyafanya kuwa maradufu.

Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwezi wa Machi 2019. Gari zima na shehena yake halitakiwi kupita tani 56, na ekseli moja yenye magurudumu manne ina kikomo cha tani 10. Sheria ni njema. Wazee wetu wa misafara waliijua bila kuandikiwa: mpagazi alipewa frasila mbili hivi, wala hapana tajiri mwenye akili aliyemtwisha nne, kwa kuwa alijua atampoteza mtu na mzigo pamoja. Livingstone alipotoka Unguja mwaka 1866 akashukia Mikindani alikuwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, na wengi wa wanyama hao walikufa njiani. Mnyama aliyeshindwa hulala chini, ukamwona. Lami haisemi kitu mpaka siku inapopasuka.

Sasa zitazameni barabara za eneo la viwanda la mji mdogo kama ule. Zilifanywa kwa ajili ya mji wa maofisi na maduka: tabaka jembamba la kokoto, juu yake lami ya kunyunyizia na vijiwe, pembeni mtaro wa udongo. Kwa gari la kwenda sokoni zatosha sana. Lakini lori la tani 56 haliendi mbio katika eneo la viwanda. Lakwenda taratibu, lasimama langoni, lakata kona ya nyuzi tisini, latambaa tena. Na lami, ndugu zangu, ni kitu cha ajabu: kwa mzigo upitao upesi ni ngumu, kwa mzigo ukaao juu yake katika jua la saa saba hulegea na kusogea. Hapo ndipo panapotokea yale mabonde mawili ya magurudumu. Na pale gari linapokata kona magurudumu ya nyuma huburura kwa ubavu, yakaing'oa ile lami nyepesi kama mtu amenyaye ngozi ya samaki. Mvua ya kwanza ikapita katika nyufa, udongo wa chini ukageuka uji, na shimo likazaliwa.

Basi zikisikika khabari kwamba barabara za viwanda zitatengenezwa, ni wajibu wetu kuuliza zitatengenezwaje. Kupitisha greda na kumwaga kifusi kabla ya ziara ya mkubwa si matengenezo. Ni kupaka poda juu ya jipu. Kuifanya barabara iweze kubeba magari mazito ni kuichimba mpaka chini, kuupima udongo, kuutia saruji au kokoto mahali ulipo dhaifu, kuyashindilia matabaka moja baada ya moja kwa kipimo, na juu yake kuweka lami nzito ya moto. Penye malango, mizani na makutano, ambapo malori husimama, twaona panafaa zege. Zege halilegei kwa jua. Na kama pana mji katika Afrika ya Mashariki usio na udhuru wa kusema saruji iko mbali, mji huo ni Mtwara.

Kabla ya yote hayo ni mitaro. Tungeambiwa tuchague kitu kimoja tu, tungechagua mitaro ya mawe na makalavati mapana, maana maji yameharibu barabara nyingi kuliko malori yote ya kusini. Mwezi wa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu kati ya Lindi na Dar es Salaam, mikoa ya kusini ilikatwa na nchi kwa siku kadhaa. Na barabara hiyo iko chini ya TANROADS, chombo chenye fedha na mitambo. Itakuwaje barabara ya mtaa wa viwanda?

Neno hili latupeleka kwenye jambo la nani mwenye barabara na nani alipaye. Huko bara barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Barabara za wilaya na za ndani ya miji, tangu mwaka 2017, ni za TARURA. Lori la makaa halijui mpaka huo. Latoka katika barabara kuu iliyojengwa kwa unene wote unaotakiwa, laingia mtaa wa TARURA kwa magurudumu yale yale na uzito ule ule, na kilomita mbili za mwisho ndizo zinazoangamia. Kwa muda mrefu fedha za Mfuko wa Barabara ziligawanywa asilimia 70 kwa barabara kuu na 30 kwa nyingine zote, ambazo kwa urefu ni nyingi zaidi. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 juu ya kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Twakiri kwamba ilikuwa hatua. Lakini angalieni nani aliyelipa shilingi 100 hizo: mwenye bodaboda wa Chikongola alizilipa kwa kila lita sawasawa na mwenye lori. Lori hunywa mafuta mengi zaidi, hilo hatulikatai. Hunywa labda mara kumi na tano kuliko pikipiki. Madhara yake hayahesabiki kwa mara kumi na tano.

Kwa hiyo sisi twasema waziwazi: mwenye kufaidika na uzito achangie njia ya uzito. Kiwanda kinachotoa shehena kwa maelfu ya tani, mwenye ghala, msafirishaji wa makaa, wote hao waingie katika mapatano na manispaa, yaliyoandikwa na kusomwa hadharani, ya kuchangia ujenzi na matengenezo ya barabara zinazofika malangoni mwao. Na mizani ikae ndani ya lango, mahali gari linapopakiwa, ili anayezidisha ajulikane kabla lami haijaguswa. Kumkamata dereva kilomita mia mbele ni kumwonea mtu ambaye mara nyingi hakuwa na neno katika jambo la kupakia.

Watajibu kwamba tukiwabana wenye viwanda watakimbia. Jawabu hilo tumelisikia sana, na huwa lasemwa na watu wasiokaa kando ya barabara hizo. Mwenye kiwanda hupoteza fedha nyingi katika matairi, springi na siku za kulala njiani kuliko ambazo angezitoa kuchangia barabara. Wala hatusemi malori yafukuzwe. Kuli wa bandarini, fundi wa matairi, mama anayewapikia madereva wali na mchuzi wa pweza, wote wanakula kwa malori hayo. Wenye kupenda kuona Mtwara imetulia kama zamani kwa ajili ya uzuri wa picha, na waende wakaishi huko bila ya kazi.

Lakini lazima tuseme na upande wa pili, kwa kuwa umewahi kuleta msiba. Januari na Mei 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar es Salaam. Damu ilimwagika, na nyumba na maofisi yaliungua. Bomba lilijengwa na kufunguliwa mwaka 2015. Kisha mwaka 2018 ikaja khabari ya ushuru wa korosho ghafi zinazopelekwa nje. Sheria ilikuwa imeweka asilimia 65 ya ushuru huo kwa ajili ya kuliendeleza zao lenyewe. Ikabadilishwa, fedha zote zikaingia Hazina, na wabunge wa kusini, wa chama tawala na wa upinzani, wakapiga kelele pamoja bila ya kufaa kitu. Mtu wa Mtwara ameiona gesi ikipita chini ya ardhi, korosho ikipita juu yake, na ushuru wa korosho ukipita hewani. Ukimjia leo na kumwambia nyumba yake imo ndani ya hifadhi ya barabara ya viwanda, usistaajabu akikuuliza maswali makali.

Na hili la hifadhi lafaa kuangaliwa kwa jicho la huruma. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande. Aliyejenga kihalali chini ya kipimo cha zamani akaamka siku moja akaikuta alama ya X ukutani: ikiwa ya kijani atalipwa, ikiwa nyekundu aondoke kwa gharama yake. Katika barabara za viwanda, ambazo zitahitaji kona pana na maegesho ya malori, X nyingi zitapigwa. Msimamo wetu ni kwamba malipo yatangulie nyundo. Tena maegesho yatengwe mbali na skuli, kwa kuwa malori yanayokesha kando ya nyumba za watu huleta moshi na ajali za watoto, na mambo mengine ambayo wazazi wanayajua.

Iko khabari ya kutia moyo. Barabara ya kutoka Mtwara kwenda Masasi kupitia Newala, ya kilomita 210, ambayo watu wa nyanda za Makonde waliiomba kwa miaka mingi sana, imeanza kupata lami: kwanza kilomita 50 mpaka Mnivata, kisha kazi ya kilomita 160 zilizobaki ikatafutiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Huko Maranje nako Serikali imetenga eneo la viwanda vya kubangua korosho. Wazee wa kusini wanakumbuka viwanda 12 vya kubangua vilivyojengwa zamani kwa mikopo, vingi vikaishia kuwa maghala, popo wakakaa humo. Ikiwa safari hii viwanda vitafanya kazi kweli, korosho itatoka ikiwa nyepesi, bila ya maganda, na barabara nayo itapumua. Kubangua nyumbani ni njia mojawapo ya kutengeneza barabara, ingawa hatujamsikia waziri yeyote akilisema hivyo.

Turudi kwetu. Hatutaki mkutano huu uishe kwa makofi. Wawakilishi wetu wameombwa kuuliza Barazani mambo matatu: barabara zinazotoka katika bandari zetu na kupita maeneo ya viwanda, khasa Amani, zilichorwa kwa uzito gani wa ekseli, magari ya makontena hupimwa wapi, na vitabu vya mizani viko kwa nani, na kila mkataba wa ujenzi wa barabara hizo umeweka muda gani wa mkandarasi kurudi kurekebisha yatakayoharibika. Serikali hupenda kujibu kwamba takwimu zinakusanywa. Kwa hiyo sisi tutakusanya zetu.

Kila tawi lililo kando ya njia ya malori litachagua watu wanne, wawili wa mchana na wawili wa usiku, wakae mahali pamoja kwa siku saba mfululizo, ikiwemo Ijumaa na siku moja ya meli kushusha. Waandike katika daftari saa, aina ya gari, idadi ya ekseli, na kama lina shehena au tupu. Wasimsimamishe mtu wala kubishana na askari. Ekseli zilizoinuliwa juu zisihesabiwe, kwa maana hazigusi ardhi. Madaftari yaletwe kwa Katibu yakiwa na majina ya waliohesabu, naye atatia jumla kwa mkono wake mbele ya wajumbe wawili.